Kuotesha stailo katika kichanga cha Tabora, tangu mbegu hadi malisho ya Oktoba

Mkoani Tabora mvua huanza Novemba na kukoma Aprili au mwanzoni mwa Mei, na katika miezi hiyo hakuna mfugaji anayelalamikia majani. Shida huanza Julai, nyasi za porini zinapokauka na kubaki mabua, na hufikia ukali wake Septemba na Oktoba, wakati ng'ombe anashinda akitafuna lakini anarudi zizini mbavu zikihesabika. Sababu yake si uchache wa nyasi peke yake. Nyasi zilizokaukia shambani huwa na protini iliyoshuka chini ya asilimia 7, na chini ya kiwango hicho vijidudu vinavyomeng'enya chakula katika tumbo la kwanza la ng'ombe hukosa nguvu ya kufanya kazi, hivyo hata kile kidogo anachokula hakimfai sawasawa. Mwenye uwezo hununua mashudu ya alizeti au ya pamba. Mwenye robo ekari ya ziada anaweza kujipandia mashudu yake mwenyewe, na mwongozo huu unahusu mmea mmoja unaoiweza kazi hiyo, nao ni stailo.

Stailo, ambayo jina lake la kitaalamu ni Stylosanthes guianensis, ni mmea wa jamii ya mikunde wenye asili ya Amerika ya Kati na ya Kusini. Huota wima au ukitambaa kidogo, hufikia urefu wa mita moja na zaidi, una majani membamba yaliyopangana matatu matatu kwenye kikonyo kimoja, na maua madogo ya manjano. Mzizi wake mkuu huzama chini sana, na ndiyo maana hubaki na ubichi wiki nyingi baada ya nyasi kukauka. Ukitunzwa vizuri huishi miaka mitatu hadi minne. Kama kunde na karanga, hujitafutia naitrojeni kutoka hewani kwa msaada wa bakteria wanaoishi katika vinundu vya mizizi yake, kwa hiyo hauhitaji urea. Ukikatwa kabla haujazeeka, malisho yake huwa na protini ya asilimia 12 hadi 18, na tofauti na baadhi ya mikunde mingine ya malisho, haumsababishii ng'ombe kujaa gesi tumboni.

Mahali na aina

Tembea kwanza shambani siku moja au mbili baada ya mvua kubwa. Mahali ambapo maji yanatuama kwa siku kadhaa si pa stailo, kwa kuwa mizizi yake haivumilii kukaa majini. Mbuga, yaani ule udongo mweusi wa bondeni unaopasuka nyufa kiangazi, na uachiwe mpunga. Anayetaka mkunde wa malisho katika udongo mzito wa namna hiyo afikirie klitoria, yenye maua ya buluu, ambayo huvumilia mfinyanzi vizuri zaidi. Makao ya stailo ni kichanga cha miinuko, kile ambacho Wanyamwezi na Wasukuma hukiita luseni. Udongo huo una uchachu na una fosforasi kidogo, na mimea mingi ya malisho hudumaa humo, lakini stailo huuvumilia uchachu huo kuliko mikunde mingi. Shamba lililotoka tumbaku ni zuri zaidi, kwa sababu mbolea ya NPK 10:18:24 iliyotiwa kwenye tumbaku huacha fosforasi ambayo mmea huu utaifaidi bure.

Jambo la pili katika kuchagua mahali ni umbali. Malisho ya kukata na kubeba yaliyo kilomita mbili kutoka nyumbani huliwa na ng'ombe wa mwingine. Chagua mahali panapoonekana kutoka uani, hata kama udongo wa mbali ni bora kidogo.

Kuhusu aina, adui mkubwa wa stailo duniani kote ni chule, ugonjwa wa ukungu unaoanza kwa madoa meusi au ya kahawia kwenye majani na shina na kuishia kukausha matawi mazima wakati wa mvua nyingi. Aina za zamani kama Cook na Endeavour ziliangamizwa na ugonjwa huo nchini Australia katika miaka ya 1970, na mpaka leo si busara kuzipanda. Uliza badala yake aina ya CIAT 184, iliyochaguliwa nchini Kolombia kwa ukinzani wake dhidi ya chule na kusambaa hadi Peru, China na Thailand. Hiyo inafaa Uyui, Sikonge, Urambo na Kaliua. Nzega na Igunga, ambako mvua ni chache zaidi, ni afadhali kutafuta ndugu zake wawili wanaovumilia ukame, yaani Stylosanthes scabra, ambayo ni kichaka chenye shina gumu, au Stylosanthes hamata, ambayo ni fupi na haiishi muda mrefu lakini hujimwagia mbegu kwa wingi. Kwa wasomaji wa Kasulu na Kibondo, mkoani Kigoma, mvua yenu ni nzuri kwa guianensis, ila chule nayo huipenda mvua hiyo hiyo, kwa hiyo suala la aina kwenu ni zito kuliko kwetu.

Nunua mbegu mahali panapojulikana. Serikali ina shamba la mbegu za malisho huko Vikuge, mkoani Pwani, na mbegu zinazouzwa madukani zinapaswa kuwa na lebo ya TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu. Afisa ugani wa mifugo wa kata anaweza kukusaidia kuagiza pamoja na wafugaji wengine, maana kusafirishiwa nusu kilo peke yako ni gharama isiyo na sababu. Robo ekari, yaani hatua 35 kwa 35 hivi, huhitaji gramu 400 hadi 500 za mbegu. Kiasi hicho huonekana kidogo mno mkononi, lakini mbegu za stailo ni ndogo sana, na kilo moja huwa na mbegu zaidi ya 250,000.

Kuiamsha mbegu

Hapa ndipo wengi hukata tamaa mapema, wakadhani wameuziwa mbegu mbovu. Mbegu ya stailo ina ganda gumu lisilopitisha maji. Hiyo ni hekima ya mmea wa porini, ili mbegu zote zisiote kwa mvua moja ya kudanganya, lakini kwa mkulima anayetaka shamba liote kwa pamoja ni kikwazo. Ukiipanda ilivyo, sehemu kubwa italala ardhini mpaka msimu ujao.

Namna rahisi ya kulainisha ganda hilo ni maji ya moto. Chemsha maji mpaka yatokote, kisha pima lita tatu za maji hayo yanayotokota na uyachanganye na lita moja ya maji baridi ndani ya ndoo. Kwa kuwa Tabora iko juu ya usawa wa bahari kwa takriban mita 1,200, maji yetu hutokota kabla ya kufika nyuzijoto 100, na mchanganyiko huo hukupa joto la karibu nyuzi 80, ambalo ndilo linalotakiwa. Funga mbegu kwenye kitambaa chepesi bila kuzibana, zitumbukize, na uzigeuzegeuze kwa dakika 5. Usizidishe dakika 10. Zitoe, zimwagie maji baridi mara moja, kisha uzianike kivulini juu ya mkeka mpaka zisishikane tena. Usiweke mbegu kwenye sufuria iliyo jikoni, kwa kuwa moto ulio chini huzidi kupandisha joto na mbegu hupikika.

Kabla ya kutia mbegu zote majini, fanya jaribio. Hesabu mbegu 100 zilizopita kwenye maji ya moto na 100 ambazo hazikupita, uzitandaze kwenye sahani mbili zenye kitambaa chenye unyevu, na usikiache kikauke. Baada ya siku 10 hesabu zilizoota. Zikiota 60 au zaidi katika zile zilizotiwa maji ya moto, panda kwa kiasi nilichotaja. Zikiota 30, panda mara mbili ya kiasi hicho. Zisipoota kabisa katika sahani zote mbili, tatizo ni mbegu, na utakuwa na ushahidi wa kumrudishia muuzaji. Jaribio hili lifanyike Novemba, mapema ya kutosha kupata mbegu nyingine.

Huhitaji kununua bakteria wa kuchanganya na mbegu. Stailo hushirikiana na bakteria wale wale wa kunde, na katika mashamba yetu ambayo yamewahi kulimwa kunde, karanga au njugu mawe, bakteria hao wapo.

Kuandaa shamba

Lima kwa jembe au plau mara mvua za kwanza zinapolainisha ardhi, kisha usipande. Subiri majuma mawili au matatu magugu yaote, halafu yakwatue kwa jembe jepesi bila kuchimba chini, ili usizilete juu mbegu nyingine za magugu. Kazi hii ya kuyadanganya magugu yaote kwanza inaonekana kama kupoteza muda wakati jirani ameshapanda mahindi, lakini kila siku moja utakayoitumia hapa itakuokolea siku kadhaa za palizi Januari. Pawe na ndago nyingi, rudia mara mbili, au uhamie mahali pengine kabisa, kwani miche midogo ya stailo haishindani na ndago.

Udongo uliovurugwa sana huwa laini kupita kiasi na mbegu hutumbukia chini. Baada ya kukwatua, kanyagakanyaga shamba kwa miguu au buruta gogo juu yake mpaka nyayo zako zisizame zaidi ya kina cha kidole. Matuta ya zamani ya tumbaku au ya mahindi si lazima yasawazishwe yote. Unaweza kuyapunguza urefu na kupanda juu yake.

Mbolea inayohitajika ni ya fosforasi. Kwa robo ekari tumia kilo 10 za TSP, au mbolea ya Minjingu, ambayo huyeyuka vizuri katika udongo wenye uchachu kama wetu. Samadi pia inafaa ikiwa imeoza kabisa. Samadi mbichi hukuletea mbegu za magugu zilizopita salama tumboni mwa ng'ombe. Ninajua kwamba wengi watasoma sentensi hii na kuamua kuruka mbolea, wakijiambia kuwa stailo huvumilia udongo maskini. Ni kweli huvumilia, lakini kuvumilia si kustawi, na mkunde usio na fosforasi hutengeneza vinundu vichache, na kwa hiyo hata ile naitrojeni ya bure hauipati.

Kupanda

Panda kati ya wiki ya pili ya Desemba na katikati ya Januari, mvua zikiwa zimetulia. Ukipanda kwa mvua za kwanza za Novemba, unaweka miche ya siku 10 mbele ya jua la kiangazi kifupi ambacho hutokea mara kwa mara baada yake. Ukichelewa hadi Februari, mzizi hautakuwa umefika chini mvua zitakapokata.

Chora mistari iliyoachana nusu mita kwa kutumia ncha ya jembe. Nyunyiza mbolea mstarini, kisoda kimoja kwa kila mita moja, kisha uifukie kwa udongo mwembamba. Mbegu zichanganye na ndoo moja ya mchanga mkavu, ugawe mchanganyiko huo mafungu mawili, na upitie shamba lote kwa fungu la kwanza kabla ya kugusa la pili. Hivyo hutajikuta umemaliza mbegu ukiwa katikati. Fukia kwa kuburuta tawi lenye majani juu ya mistari. Kina kisizidi sentimita moja, na mbegu chache zinazoonekana juu zisikutie wasiwasi. Zilizofukiwa kwa jembe kama mahindi hazitatoka.

Asiye na robo ekari ya kuacha kwa ajili ya malisho peke yake anaweza kupanda stailo ndani ya mahindi. Mahindi yapandwe kama kawaida, yapaliliwe mara ya kwanza baada ya majuma matatu au manne, na siku hiyo hiyo ya palizi, udongo ukiwa bado umevurugika, mbegu za stailo zipandwe katikati ya mistari. Mahindi yatakuwa yameshatangulia na hayatasongwa. Mavuno ya malisho katika mwaka wa kwanza yatakuwa machache kwa sababu ya kivuli, na itabidi umwambie kila anayevuna mahindi asikanyage hovyo, lakini hutapoteza msimu wa chakula. Binafsi napendelea shamba la stailo peke yake, ila kwa kaya yenye ekari mbili tu, ushauri wangu ni mahindi kwanza.

Majuma manane ya mwanzo

Stailo huanza polepole mno. Katika juma la nne mche bado unaweza kufunikwa na kisoda, na wakati huo huo nyasi zimeshafika magotini. Shamba linapotelea hapa kuliko mahali pengine popote, na halipotei kwa ugonjwa wala ukame, bali kwa mwenyewe kulikatia tamaa au kulipalilia vibaya. Mwaka wangu wa kwanza nilikwatua mistari miwili mizima nikiamini kwamba ni magugu, nikagundua kosa langu nilipofika mstari wa tatu. Tangu hapo kila nipandapo, natia mbegu chache kwenye kopo lenye mchanga na kuliweka karibu na mlango, ili mimi na vijana wanaonisaidia tuijue sura ya mche kabla ya kuingia shambani na jembe.

Palizi ya kwanza ifanyike kwa mkono au kwa jembe dogo katika juma la tatu, palizi ya pili katika juma la sita. Ikiwa nguvu kazi haitoshi, palilia mistarini tu na kufyeka katikati. Muhimu ni mche upate jua. Baada ya juma la nane mmea huanza kutoa matawi kwa kasi, hufunika ardhi, na kuyasonga magugu wenyewe.

Katika juma la sita ng'oa mmea mmoja kwa uangalifu pamoja na udongo wake, uuoshe, na upasue vinundu vichache kwa kucha. Vikiwa na rangi ya waridi ndani, bakteria wanafanya kazi. Vikiwa vyeupe au vya kijani, au visipokuwepo kabisa huku majani yakipauka manjano, jambo la kwanza la kutazama ni fosforasi na la pili ni maji yanayotuama.

Kukata

Msimu wa kwanza kata mara moja tu, mwishoni mwa Aprili au mwanzoni mwa Mei, maua ya kwanza yanapotokea. Msimu wa pili na wa tatu unaweza kukata mara mbili au tatu: mara ya kwanza mmea ukifika urefu wa sentimita 60 hivi, ambayo huwa kati ya Januari na Februari, na baadaye kila baada ya majuma nane hadi kumi na mawili, ili mkato mkubwa wa mwisho uangukie mwanzoni mwa Mei.

Usikate chini ya sentimita 25, yaani shibiri moja na vidole viwili kutoka ardhini. Mabingobingo hukatwa karibu na ardhi na kuchipua tena kwa sababu machipukizi yake yako chini, kwenye shina lililofukiwa. Machipukizi ya stailo yako juu, kwenye matawi yenye majani, na mmea uliokatwa hadi kwenye mti mkavu wa chini hauna pa kuchipulia. Aliyezoea mabingobingo atafanya kosa hili kwa mazoea ya mkono wake, kwa hiyo siku ya kwanza mpe kijiti chenye alama ya urefu huo. Tumia mundu wenye makali. Fyekeo hupasua shina na hukata chini zaidi ya unavyokusudia, hasa mfyekaji akishachoka. Madoa ya chule yakionekana katikati ya mvua, wahi kukata sehemu iliyoshambuliwa na kuitoa shambani. Kupulizia dawa kwenye malisho hakulipi.

Mapengo yaliyobaki mwaka wa kwanza yajazwe Januari ya mwaka wa pili kwa vipande vya shina vya sentimita 25, vilivyokatwa kwenye mimea yenye afya na kufukiwa theluthi mbili siku ya mvua. Si vyote vitakavyoshika, kwa hiyo weka viwili viwili.

Kukausha na kuhifadhi

Mkato wa Januari ulishwe ukiwa mbichi au umenyauka, kwani kukausha majani wakati wa mvua ni kualika ukungu. Mkato wa Mei ndio wa kutengenezea hei, na hapa Tabora ina bahati, maana mvua inakoma wakati stailo inachanua, na jua la Mei halina mfano.

Protini iko kwenye majani, na majani ya stailo yakikauka sana hupukutika. Tandaza ulichokata kwa unene mdogo kwa siku moja juani, kisha ukikusanye kwenye mafungu madogo au ukihamishie kivulini kwa siku nyingine moja au mbili. Geuza asubuhi, umande ukiwa bado haujakauka, si mchana. Hei iliyo tayari hubaki na rangi ya kijani, na shina lake hukatika ukilikunja mara mbili tatu. Ukiona mkekani kumebaki unga mwingi wa majani, ukusanye na kuutia kwenye gunia. Huo ndio sehemu bora kuliko zote, na ndama huupenda.

Kufunga marobota hakuhitaji mashine. Tengeneza kisanduku cha mbao kisicho na kitako wala kifuniko, urefu sentimita 85, upana 55 na kina 45. Laza kamba mbili ndani yake, jaza hei, kanyaga kwa miguu mpaka kijae kabisa, kisha funga kamba na kuinua kisanduku. Robota lililoshindiliwa vizuri huwa na uzito wa karibu kilo 20. Yapange juu ya chanja iliyoinuliwa angalau nusu mita kutoka ardhini, miguu yake ikiwa imepakwa oili chafu, kwa sababu mchwa wa Tabora hawachagui kati ya hei na paa la nyumba.

Kulisha

Ng'ombe asiyeijua stailo anaweza kuikataa siku za kwanza, kwani matawi yake yana vinyweleo vyenye kunata. Inyaushe nusu siku, ikatekate kwa panga, nyunyizia pumba kidogo za mahindi, na uanze na kiasi kidogo. Baada ya juma moja hutakuwa na haja ya kumbembeleza.

Stailo ni nyongeza, haichukui nafasi ya nyasi. Fungu linalofaa ni theluthi moja hivi ya chakula cha siku, sehemu iliyobaki ikiwa nyasi kavu, mabua ya mahindi au majani ya karanga. Kwa hesabu ya kufanyia kazi, hekta moja ya stailo iliyotunzwa hutoa tani 5 hadi 10 za malisho makavu kwa mwaka, kwa hiyo robo ekari hutoa angalau kilo 500 kuanzia mwaka wa pili. Ukimpa ng'ombe mmoja wa maziwa kilo 3 kwa siku, kiasi hicho kinamfikisha miezi mitano na zaidi, yaani kutoka mwanzo wa Juni hadi mvua zinapokaribia. Mwaka wa kwanza tarajia nusu yake au pungufu. Mwenye ng'ombe wengi asigawe kidogo kidogo kwa zizi zima. Awape wenye mimba kubwa, wanaonyonyesha na ndama walioachishwa. Wafugaji wa Kifulani waliopanda stailo karibu na Kaduna nchini Nigeria, kwa mpango wa watafiti wa miaka ya 1980, walishauriwa kuingiza shambani majike hao tu, kwa saa mbili na nusu kwa siku, katika kiangazi.

Moto na mifugo ya kupita

Kuanzia Julai mpaka Oktoba pori la miyombo linawaka, kwa mkono wa mrina asali, mwindaji au mtu anayesafisha shamba lake. Moto mmoja wa nyasi huiua Stylosanthes guianensis iliyokomaa, na utakachopata Novemba ni miche mipya kutoka kwenye mbegu zilizokuwa ardhini, ikiwa zilikuwepo. Katika Mei, mara baada ya kukata, lima mkanda wa wazi wenye upana wa mita 5 kuzunguka shamba lote, na uupalilie tena Julai, kwa kuwa majani makavu yanayopeperushwa na upepo huujaza. Upande ambao upepo wa kiangazi hutokea, mita 5 ni kiwango cha chini. Kwetu upepo huo hutoka mashariki na kusini mashariki.

Mifugo ya kupita nayo haina subira. Kwa desturi, baada ya mavuno mashamba huwa wazi kwa mifugo ya kila mtu, na shamba pekee la kijani kijijini mwezi Agosti haliwezi kujificha. Uzio wa minyaa ni wa bei nafuu na haupendwi na ng'ombe, ila aukataye ajikinge macho na utomvu wake. Unachukua misimu miwili kushikana, kwa hiyo upandwe mapema kuliko stailo yenyewe, na katikati ya muda huo tumia miiba. Zungumza pia na mwenyekiti wa kitongoji na majirani wenye mifugo kabla ya kiangazi. Ngitili, yaani malisho yaliyotengwa kwa kiangazi, inaeleweka na kila mfugaji wa Kisukuma, na ukilieleza shamba lako kwa neno hilo, hutahitaji maelezo mengi.

Mbegu yako mwenyewe na mwaka wa nne

Kila Mei acha mistari mitatu au minne bila kukata. Itachanua, na mbegu zitakomaa kati ya Juni na Julai, lakini hazikomai kwa pamoja na hudondoka zikiiva. Vichwa vingi vinapokuwa vya kahawia, kata asubuhi na mapema, anika juu ya turubai kwa siku chache, piga kwa fimbo na upete kwa ungo. Zilizokwisha kuanguka chini zinaweza kufagiliwa pamoja na mchanga na kupepetwa, au kuachwa pale pale zijaze mapengo. Hifadhi mbegu zikiwa kavu kabisa kwenye chupa iliyofungwa, uandike mwaka wake. Ganda lile gumu linalosumbua wakati wa kupanda hapa ni msaada, kwani huihifadhi mbegu miaka kadhaa.

Katika mwaka wa nne mimea mingi huwa imezeeka, mashina yamekuwa miti na majani yamepungua. Kama miche mipya haijajaza nafasi, geuza shamba Novemba na upande mahindi, ambayo yatatumia naitrojeni iliyoachwa na mizizi na majani yaliyooza, huku ukihamishia stailo kwenye kipande kingine ulichokitayarisha mwaka mmoja kabla. Usipande tumbaku moja kwa moja baada ya stailo: naitrojeni nyingi huifanya tumbaku ya mvuke ichelewe kuiva, na jani lake huharibika rangi katika banda la kukaushia na kushuka daraja sokoni. Baada ya msimu mmoja au miwili ya mahindi, tumbaku inaweza kurudi.